Bakapu ya seva ilisema "imefanikiwa" kila usiku, siku ya kurejesha ndani hamna kitu!

Wakuu, nimelala saa tatu tu ndani ya siku mbili, kwa hiyo nikitoa maneno makali mtanivumilia.

Seva yetu ya mashine pepe (kompyuta kadhaa za programu ndani ya kompyuta moja) ilikuwa kwenye Proxmox VE, mfumo wa kuziendesha, toleo la 7. Ikafa diski ya mfumo, ile ndogo tu. Diski za mashine zenyewe ziko kwenye diski nyingine na hazikuguswa. Nikajisemea hii kazi ya saa moja: sakinisha upya, rejesha usanidi, nenda kalale. Bakapu si ipo? Fundi aliyepewa mkataba alituwekea skripti ya saa nane usiku, na kila mwisho wa mwezi analeta ripoti ya kijani kuanzia juu mpaka chini. Malipo anachukua bila kuchelewa.

Maelekezo yake ya kurejesha yana sentensi mbili: fungua tar (faili moja lililofungasha mafaili mengi) juu ya / (mzizi wa mfumo), washa upya. Nikaweka diski mpya ya NVMe, nikasakinisha toleo la 8, nikafuata maelekezo kama mtoto mtiifu.

Seva ikawaka, ikakaa sekunde 90 ikisubiri diski, kisha ikanitupa kwenye hali ya dharura. Kumbe /etc/fstab ya zamani, orodha ya diski za kupachika wakati wa kuwaka, inataja UUID (namba ya utambulisho) ya diski iliyokufa. Huwezi kuimwaga /etc (folda ya usanidi) nzima ya mfumo mmoja juu ya mwingine! Toleo la 7 limejengwa juu ya Debian 11, la 8 juu ya Debian 12; vyanzo vya apt (mahali mfumo unapochukua programu zake) navyo vikarudi vya zamani. Nikarekebisha fstab, ikawaka, mtandao hakuna. Daraja vmbr0, linalounganisha mashine na mtandao, linaitafuta kadi ya mtandao enp3s0, na kadi sasa inaitwa enp4s0. Kadi ni ileile, tundu ni lilelile. Jina linatokana na namba ya PCI, ambayo kompyuta hukipa kila kifaa kilichochomekwa, na NVMe mpya imesogeza namba. Hili simlaumu fundi, ila sentensi ya tatu kwenye maelekezo isingemuua.

Baada ya hapo nafungua orodha ya mashine. Nyeupe. Hata moja hamna.

Naingia kwenye tar yenyewe, natafuta etc/pve, kunakokaa usanidi wa mashine. Folda ipo, tupu kabisa. Usiku wote huo tumekuwa tukihifadhi folda tupu! Skripti imeandikwa tar na --one-file-system, yaani tar isivuke kwenda mfumo mwingine wa faili. Sasa /etc/pve si folda ya kawaida. Ni mfumo wa faili unaopachikwa hapo na huduma ya pve-cluster, na data yake halisi inakaa kwenye hifadhidata ya SQLite, /var/lib/pve-cluster/config.db. Tar ikafika mlangoni, ikaona ni nyumba ya mtu mwingine, ikageuka, ikaandika "imefanikiwa". Na kweli, kwa ilichoambiwa ifanye, ilifanikiwa. Programu haina kosa hapa. Kosa ni la mtu aliyelipua kazi na hakuwahi hata siku moja kufungua bakapu yake aone kilichomo.

Kilichoniokoa ni kwamba skripti hiyohiyo, mstari wa mwisho, inanakili config.db. Nadhani aliudaka mahali bila kujua ni wa nini, maana hakuutaja popote.

Usakinishaji wa kwanza ulikuwa umeshachafuka, nikafuta nikaanza upya, safari hii bila kugusa /etc ya zamani. Kwa usingizi nikaipa seva jina jipya. Nikasimamisha pve-cluster, nikaweka config.db mahali pake, nikawasha. Haiwaki. Logi inasema mahali pa kupachika si patupu: wakati huduma imesimama nilikuwa nimejaribu kuandika faili za mashine kwa mkono ndani ya /etc/pve, zikabaki chini yake. Hilo langu, nalikubali. Nikaziondoa, ikawaka, na mashine zikaonekana, ila zimening'inia chini ya nodi (yaani seva) ya jina la zamani yenye alama ya kuzimika. Faili zake zinakaa ndani ya nodes/ kwa jina la nodi, kwa hiyo ukibadilisha jina umezitelekeza. Nikarudisha jina la zamani kwenye /etc/hostname na /etc/hosts, nikawasha upya, zikarudi nyumbani na kuanza moja baada ya nyingine. Nilitaka kulia.

Kasoro mashine 107. Tuliitengeneza wiki iliyopita, na bakapu ni ya usiku wa juzi, sasa imekwenda wapi? Nikafungua hifadhidata kwa sqlite3, nikatafuta 107.conf kwenye jedwali la tree. Hamna. Config.db inaandika mabadiliko mapya kwanza kwenye faili la pembeni, config.db-wal, ndipo yahamie faili kubwa. Skripti ilichukua faili moja tu, tena huku huduma inaendelea kuandika. La pembeni limekufa na diski.

Diski ya 107 ipo, vm-107-disk-0. Nikaunda usanidi mtupu wenye namba hiyo, amri ya qm rescan ikaiona, nikaipachika. Mara ya kwanza haikuwaka, nikakumbuka ilikuwa ya UEFI (njia mpya ya kuwasha kompyuta), nikabadilisha, ikawaka. Lakini kadi yake ya mtandao imepata anwani mpya ya MAC (namba ya utambulisho ya kadi), na programu iliyomo ndani leseni yake imefungwa kwenye ile ya zamani. Mhasibu ananipigia kila nusu saa.

Nikampigia fundi. Jibu lake: "Mkuu, utakuwa umekosea kurejesha." Nikamtumia picha ya folda tupu. Kimya cha dakika arobaini, halafu ujumbe: kama tunataka aje kurejesha, hiyo ni kazi nje ya mkataba.

Na nyie mnaomwambia kila anayeuliza "nakili /etc tu inatosha", kuna hata mmoja wenu aliyewahi kurejesha? Vzdump (bakapu ya Proxmox yenyewe) ya mashine inabeba usanidi wake ndani. Tungekuwa na vzdump ya 107, nisingekuwa naandika haya usiku huu.

Ngoja. Kuna mtu hapa ofisini anasema logi za kuwaka za ndani ya 107 huwa zinaandika MAC. Nimezifungua, ya wiki iliyopita naiona. Naenda kuiweka kwenye net0 (mstari wa kadi ya mtandao kwenye usanidi) nione leseni itasemaje.