Arnautović kampita Polster: ndiye straika bora wa Austria wa muda wote, au kawaonea San Marino tu?

Kijiti cha Pili (mtoa mada)
Wakuu habari za muda huu. Naleta hili tulijadili kistaarabu. Marko Arnautović Oktoba 2025 aliwatandika San Marino goli nne peke yake pale Vienna, mechi ikaisha 10-0, akafikisha 45 timu ya taifa na kumpita Toni Polster aliyekaa na 44 zake tangu miaka ya tisini. Novemba akaongeza mbili kule Kupro, siku chache baadae wakatoa sare na Bosnia, Austria hao Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza tangu 1998. Swali dogo tu, huyu ndiye straika bora kuwahi kutokea Austria au bado? Mimi nasema ndiye. Leteni hoja, matusi peleka kule jukwaa la siasa.

Mzee wa Chenga
Yani San Marino kapigwa kumi na wewe umeamka kufungua uzi 😂 mechi ile hata mimi na kitambi changu moja ningepata

Kijiti cha Pili
Mzee San Marino wanacheza na kila mtu Ulaya na wanapigwa na kila mtu, mbona hao wengine wote wa Austria hawajafika 45? Jibu hilo kwanza ndo ulete kitambi.

Daktari wa Offside
Tuongee kwa hesabu jamani. Hans Krankl goli 34 mechi 69. Polster 44 mechi 95. Matthias Sindelar, yule waliyemwita Mtu wa Karatasi kwa wembamba wake, 26 mechi 43, na hiyo ni miaka ya thelathini mpira mzito kama jiwe. Arnautović kacheza zaidi ya 120 ndo kapata 47 na zile za Kupro. Gawanya mwenyewe. Krankl ndiye aliyempiga Ujerumani Magharibi mbili Córdoba 1978, mechi ya 3-2 ambayo wazee wa Vienna wanaisimulia mpaka leo, akatoka hapo akaenda Barcelona, msimu wa kwanza tu goli 29 mfungaji bora wa Hispania, na fainali ya Kombe la Washindi 1979 akafunga. Huyu wenu alipofika miaka 30, umri ambao straika anatakiwa awe moto, akakimbilia China kula hela. Mtu wa hivyo unamwekaje meza moja na Krankl?

Zungu la Muscat
"Kukimbilia hela". Hili neno mnalipenda sana nyie mliokaa nyumbani. Mtu kaitwa kazini na mshahara mzuri kaenda, kosa liko wapi? Mimi niko huku Omani natafuta, na kila nikirudi likizo nakutana na hao hao wa "umekimbilia hela" halafu jioni wananipigia simu niwatumie. Arnautović ana familia, miguu ya mpira haidumu, Shanghai wamemwita kaenda. Krankl angepewa ofa ile angekataa? Acheni unafiki.

Daktari wa Offside
Kaka mimi nimeongelea straika, sijaongelea wewe na Muscat yako.

Zungu la Muscat
Umeongelea kwa dharau ndo maana nimejibu. Na mimi sio kaka yako.

Nyundo wa Stratford
Nyie mnaongea China kama mmesoma gazetini, sisi West Ham ndo tulioishi nayo, niacheni niongee kwa uchungu. Huyu jamaa tulimchukua kutoka Stoke 2017

Mzee wa Chenga
kwa milioni 30

Nyundo wa Stratford
Milioni 30 umeitoa wapi wewe, ilikuwa paundi milioni 20 na nyongeza juu, rekodi ya klabu wakati ule. Acha niendelee. Mwanzoni alikuwa hovyo, mechi ya pili tu kampiga mtu kiwiko kadi nyekundu. Kaja kocha Moyes kamtoa pembeni kamweka namba tisa, mtu akabadilika kabisa, goli 11 za ligi na sisi wenyewe mashabiki tukampigia kura mchezaji bora wa msimu. Tukampenda. Halafu Januari 2019 ofa ya China inafika, kaka yake ambaye ndo wakala anatoa tamko kwenye vyombo vya habari eti dogo anataka akapiganie mataji. Mataji China! Tunacheza na Arsenal, tunashinda 1-0 goli la Declan Rice, anatolewa, anatembea taratibu huku anawapungia watu mkono kila upande wa uwanja, kwaheri. Mimi nilikuwa naangalia kwenye kibanda umiza nikasema haya nenda salama. Wiki mbili mbele anasaini mkataba mpya na video ya mbwembwe juu!! Julai kaondoka kwenda huko huko China. Sasa Zungu, tatizo sio hela, hela kila mtu anataka. Tatizo ni ile video.

Mama Zuhra
Nyundo pole mwanangu 😂 kumbe ulipigwa kibuti na straika

Nyundo wa Stratford
Mama we cheka tu

Zungu la Muscat
Sasa hapo West Ham walipata hasara gani? Walinunua kwa 20 wakauza kwa 20 na ushee baada ya kumtumia misimu miwili. Biashara nzuri tu. Mnalia kama kawaibia.

Daktari wa Offside
Ona sasa uzi ulikuwa wa straika bora tumeshahamia kwenye uhasibu wa West Ham.

Kijana wa Floridsdorf
Mimi nipo Vienna wilaya ya 21, mtaa ambao Arnautović katokea, baba Mserbia mama Muaustria. Niwaambie tu huku nako wamegawanyika hivi hivi. Wazee wanamwona ana kiburi, vijana wa huku kwetu ambao wazazi wao walitoka kwingine wanamwona ni wa kwao. Mtu hazungumzii magoli hapa, anazungumzia tabia. Na kumbukeni hata Polster alizomewa nyumbani. Novemba 1989, ukuta wa Berlin umeanguka siku chache tu nyuma, Austria wanacheza na Ujerumani Mashariki kutafuta tiketi ya Kombe la Dunia la Italia 1990, jina lake linatajwa kwenye spika uwanja unapiga miluzi. Kafunga zote tatu. 3-0. Leo hii wale wale ndo wanamwita baba yao.

Mzee wa Chenga
Umesema tabia, haya tuongee tabia. Euro ya 2021 na Makedonia Kaskazini, kaingia sub kafunga goli la tatu dakika za mwisho, badala ya kushangilia anamtolea Alioski wa Makedonia maneno ya kumtukania asili yake, Alioski ana asili ya Kialbania wote mnajua mambo ya Waserbia na Waalbania. UEFA wakampiga mechi moja. Huyo ndo shujaa wenu?

Kijana wa Floridsdorf
UEFA walimfungia kwa kumtukana mchezaji mwenzake, ndo walivyoandika. Aliomba radhi akasema yeye sio mbaguzi. Simtetei, naweka rekodi sawa.

Mzee wa Chenga
Kumtetea ndo huko huko

Mama Zuhra
Mimi mechi ile nakumbuka kitu kimoja tu, David Alaba. Jamaa kafunga, mishipa ya shingo imemtoka anaropoka, Alaba anakuja anamshika mashavu kwa mkono mmoja anamminya mdomo ufunge, vile unavyomshika mtoto anayetapika maneno mbele ya wageni. Nilijua hapo hapo kuna jambo hata kabla watangazaji hawajasema. Na kumbuka Alaba mwenyewe baba Mnigeria mama Mfilipino, ndo kapteni anayemziba mdomo mwenzake. Na ule ndo ushindi wa kwanza wa Austria katika historia yao yote ya fainali za Euro! Siku ya furaha kubwa, gazeti lote kesho yake ni mdomo wa Marko. Ndo maisha yake hayo, kila akifanya zuri analifunika mwenyewe.

Kijiti cha Pili
Mama hapo umeongea. Lakini turudi kwenye mada, goli 45.

Daktari wa Offside
Na ndo hiyo tabia iliyomkwamisha. Inter Milan ile ya kocha Mourinho 2010 iliyobeba vikombe vitatu alikuwemo kwa mkopo kutoka Twente, kacheza mechi tatu tu za ligi. Mourinho alimsema wazi kwamba ana akili za kitoto. Werder Bremen nako 2013 wakamsimamisha yeye na mchezaji mwenzake Elia kwa kukimbiza gari usiku. Agosti 2022 Manchester United walimtaka, mashabiki wakapiga kelele dili likafa. Straika bora wa muda wote mashabiki wa United ya kipindi kile, ile iliyokuwa inapigwa na kila mtu, wanamkataa??

Zungu la Muscat
United walimkataa wakaleta straika nani? Weghorst. Kwa mkopo. Nimemaliza.

Nyundo wa Stratford
😂😂😂 hapa Zungu nipo na wewe

Mzee wa Chenga
Weghorst alibeba Carabao, kombe la ligi la Uingereza, msimu ule ule, Arnautović Uingereza kabeba nini?

Zungu la Muscat
Kabeba ligi ya Italia 2024 na Inter ile ile. Katoka China wakasema kaisha, Bologna chini ya kocha marehemu Mihajlović kapiga goli 14 msimu wa kwanza. Inter wakamrudisha miaka 13 baadae. Na Atletico Madrid pale San Siro Februari 2024 nani kafunga? Mnapenda kusema hela hela, mtu aliyefuata hela anarudi Serie A na miaka 32 kupigana na mabeki wa Italia?

Daktari wa Offside
Mechi hiyo kabla ya kufunga alikosa mbili za wazi, na marudiano Inter wakatolewa kwa penati. Sema yote.

Zungu la Muscat
Goli ni goli. Krankl alikuwa hakosi?

Kijana wa Floridsdorf
Kwa wanaopenda hesabu niwape kitu. Polster mwenyewe hakubali 44. Anasema kuna goli zake tatu ambazo shirikisho la huku halikuzihesabu kwa sababu mechi zenyewe hawazitambui kuwa rasmi, na amelifikisha suala mahakamani. Mzee mzima anadai magoli ya miaka ya themanini.

Mama Zuhra
Subirini. 44 jumlisha 3 ni 47. Na Marko 45 jumlisha zile mbili za Kupro ni 47. Kwa hiyo wamemaliza mwaka 2025 sare???

Mzee wa Chenga
😂😂😂😂 uzi umekufa

Kijiti cha Pili
Haujafa, hizo tatu hazitambuliki.

Mzee wa Chenga
Na za San Marino mimi sizitambui. Toa nne tuone kabaki na ngapi.

Daktari wa Offside
Polster huyo huyo alishadhulumiwa kiatu cha dhahabu cha mfungaji bora wa Ulaya 1987, alikuwa na 39 Austria Wien, akapitwa na Mromania Cămătaru aliyemaliza na 44 kwa mvua ya magoli ya mwisho wa msimu ambayo kila mtu aliyatilia shaka. Miaka baadae wakampa na yeye kiatu chake. Kwa hiyo mzee anajua kudai na anajua kulipwa, msimchukulie poa.

Nyundo wa Stratford
Cămătaru ndo nani tena

Daktari wa Offside
Wa Dinamo Bucharest. Romania ya Ceaușescu hiyo, ligi ilikuwa na mambo yake.

Zungu la Muscat
Kwa hiyo magoli ya kupangwa Romania ni tatizo lakini ligi dhaifu ya Austria ambako Polster alipiga hizo 39 sio tatizo? Na wewe ndo ulikuwa unasema China ni kuchezea watoto.

Daktari wa Offside
Sijasema China ni kuchezea watoto. Rudi juu usome.

Zungu la Muscat
Umesema kakimbilia hela.

Daktari wa Offside
Na nasema tena.

Kijiti cha Pili
Jamani lile goli lake na Italia pale Wembley Euro ya 2021 VAR (marefa wa video) walilolifuta, ile kichwa, ilikuwa offside kweli? Kama lingekubaliwa Italia anatoka na kikombe kile hakibebi...

Mzee wa Chenga
Offside ya kidole cha mguu bado ni offside mtoa mada, muulize Daktari jina lake linasemaje

Daktari wa Offside
Mimi hapo nilikuwa na Austria bana, ile ilinikera