Mrejesho: Bajeti ya michezo ya Kiingereza darasani
Nawashukuru wote mlionishauri nilipouliza namna ya kutumia bajeti ndogo ya darasa kununua vifaa vya michezo ya Kiingereza vitakavyodumu. Sehemu kubwa ya fedha ilikwenda kwenye mashine ya kulaminisha, kwa kuwa kadi za picha zilizofunikwa plastiki huandikwa kwa kalamu ya kufutika, hupanguswa kwa kitambaa, kisha hurudi mezani kwa darasa linalofuata. Hata hivyo, dadu kubwa ya sponji, yenye vifuko vya kuingizia kadi, ndiyo iliyowachangamsha wanafunzi zaidi: upande wa juu ukionyesha “went”, mwanafunzi hutunga sentensi haraka kabla mwenzake hajainyakua dadu. Kipima muda cha mchanga kilivunjika wiki ya kwanza (mlinionya). Sasa tunahesabu kwa sauti, kwa Kiingereza.