Sakafu ya gome la mwaloni: mti unabaki hai kweli? Na Dodoma itafaa?

BintiItigi:
Habari za jioni wakuu. Namalizia nyumba Iyumbu, imebaki sakafu. Mama anahamia kwangu, magoti yanamsumbua, na mnajua marumaru zinavyokuwa za baridi Dodoma mwezi wa saba alfajiri. Duka moja limenionyesha vigae vya gome la mwaloni, lilelile la vizibo vya chupa za mvinyo. Ukikanyaga pekupeku unasikia ulaini, na baridi haipandi mguuni. Muuzaji anasema mti unachunwa gome na unaendelea kuishi.

Hapo ndipo nilipokwama. Nimekulia Itigi, baba yangu alikuwa mrina asali. Myombo ukishachunwa gome la mzinga unakauka ungali umesimama, nimeiona mingi porini. Sitaki kumtandikia mama mti uliouawa. Mwenye kujua anieleweshe.

BwanaMisituMstaafu:
Mwanangu, muuzaji amekwambia kweli, ila hakukupa sababu.

Mwenye kutengeneza mzinga wa gome anakata mzunguko juu na chini, kisha anabandua gome zima mpaka mbao inaonekana. Chakula kinachotoka kwenye majani kwenda mizizini hupita ndani ya gome hilo. Ukilitoa pande zote, mizizi inakosa chakula na mti unakufa. Nimetumikia misitu ya Manyoni miaka mingi nikihimiza mizinga ya mbao kwa sababu hiyo hiyo, kwa hiyo uchungu wako naujua.

Mwaloni huu (wataalamu wanauita *Quercus suber*) una gome la ndani lililo hai, na juu yake tabaka nene la seli zilizokufa, zimejaa hewa. Sentimita moja ya ujazo ina seli zinazokaribia milioni 40. Ndiyo maana mguu hausikii baridi. Mchunaji anaondoa tabaka la nje peke yake. Anapasua kwa shoka kufuata nyufa za gome, halafu anatumia ncha ya mpini, iliyochongwa kama kabari, kulibandua vipande vipana. Shoka likizama kupita kiasi linajeruhi gome hai, na kovu lake halifutiki. Kazi hiyo bado ni ya mikono, tena ya watu wenye ujuzi mkubwa. Hufanyika kati ya Mei na Agosti, mti ukiwa unakua kwa nguvu, maana nje ya msimu huo gome halibanduki vizuri.

Shina likishachunwa linabaki jekundu, na huandikwa kwa rangi tarakimu ya mwisho ya mwaka. Ureno, inayotoa karibu nusu ya gome lote hili duniani, sheria yake inataka ipite angalau miaka 9 kabla ya kuchuna tena. Mti huchunwa mara ya kwanza ukiwa na miaka kama 25, na gome la vizibo vizuri hupatikana kuanzia mchuno wa tatu, ukiwa umepita miaka 40. Unaweza kuishi miaka 200. Vigae vyako vimetokana na gome la michuno ya mwanzo na mabaki ya viwanda vya vizibo, yamesagwa na kushindiliwa kwa gundi. Nikuambie ninachokiamini: msitu unaompa mwenye shamba kipato bila kukatwa, huyo mwenye shamba ataulinda. Ningependa kuona miyombo yetu ikithaminiwa hivyo.

Uliza gundi ni ya aina gani, na kama vina alama ya FSC, inayoonyesha kuwa gome limetoka kwenye msitu unaotunzwa vizuri.

FundiSakafuDom:
Dada, Bwana Misitu amemaliza upande wa mti. Upande wangu ni zege. Bandika kipande cha naironi sakafuni, ziba kingo zote kwa utepe wa gundi, lala nacho mpaka kesho. Ukikuta matone chini yake, zege halijakauka, usitandike. Vigae vikae chumbani humo siku mbili tatu vimefunguliwa, vizoee hewa.

Adui wa hapa kwetu ni vumbi. Mchanga wa upepo wa Dodoma ukikanyagwa juu yake unakuwa msasa. Weka zulia la kufutia miguu mlangoni, na upige vanishi mpya ya juu ikianza kufifia. Dirisha linalopigwa na jua la mchana litie pazia, rangi inapauka. Miguu ya kitanda ivalishe vipande vya zulia isidumbukie. Bafuni na jikoni baki na marumaru.

BintiItigi:
Asanteni sana. Bwana Misitu, shikamoo, nimekuelewa vizuri. Nitaweka chumba cha mama na korido ya kuelekea chooni, kwingine marumaru. Fundi, zege nimemwaga mwezi uliopita. Nisubiri mpaka lini?

FundiSakafuDom:
Usihesabu tarehe. Fungua madirisha, na naironi uirudie kila wiki. Ikitoka kavu mara mbili mfululizo, niite.

BwanaMisituMstaafu:
Marahaba mwanangu. Msalimie mama.