Bi mkubwa anasahau sana, braza anataka damu yake ipimwe Alzheimer kwa AI. Tuchange au tunapigwa?

Machame_Juu:
Wakuu habari za humu. Bi mkubwa wangu ana miaka 74 yuko kijijini Machame, tangu mwaka jana usahaulifu umezidi, anabandika ndizi jikoni anaenda kukata majani ya ng'ombe, akirudi anakuta sufuria imeungua anauliza nani kawasha moto humu. Mwezi uliopita kaniita jina la marehemu baba mdogo mara tatu, nikamwitikia tu. Sasa braza wetu yuko Marekani katuma linki kwenye grupu la familia, eti siku hizi unatoa damu kidogo, kompyuta inasoma protini inakwambia kama una Alzheimer hata miaka 10 kabla. Anataka tuchange damu isafirishwe nje. Mimi sayansi niliiacha kidato cha pili, mwenye uelewa anisaidie, hicho kitu kipo kweli?

Kubazi:
Uzee huo mkuu. Hata mimi nimesahau kama unanidai 😂

Pipeti:
Kipo, sio utapeli, ila hiyo linki itakuwa imechanganya vitu viwili. Cha kwanza ni kipimo cha maabara, Mei 2025 FDA, mamlaka ya dawa na vipimo ya Marekani, iliruhusu kipimo cha Lumipulse cha kampuni ya Fujirebio, kinapima protini mbili kwenye damu, p-tau217 na amiloidi 1-42 (amiloidi ndiyo ile protini inayorundikana kwenye ubongo wenye Alzheimer), halafu kinatazama uwiano wake. Hapo hakuna AI, ni kugawanya tu. Walikijaribu kwa sampuli 499, waliotoka na majibu ya "ndiyo" asilimia 91.7 walikuwa kweli na amiloidi kwenye ubongo kwa skani ya PET au maji ya uti wa mgongo, na wa "hapana" asilimia 97.3 walikuwa hawana. Wengine chini ya asilimia 20 majibu yalikaa katikati, huku wala kule. Na kimeruhusiwa kwa watu WENYE DALILI tayari.

Hiyo ya miaka 10 kabla ni utafiti uliotoka 2024, walichukua damu iliyohifadhiwa UK Biobank, hazina ya damu na taarifa za afya ya Uingereza, ya watu 52,645, protini 1,463 kila mtu, wakaiachia kompyuta itafute. Katika hao 1,417 walikuja kupata demensia (ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na uelewa, Alzheimer ni aina yake mojawapo), na protini kama GFAP na NfL zilikuwa zimeanza kupanda mapema sana. Utafiti mzuri ila sio kitu cha kwenda dirishani kulipia.

Bi mkubwa ana presha au sukari? Figo zikoje? Figo zikichoka p-tau inapanda kwenye damu hata kama ubongo hauna shida hiyo, na sukari ikishaumiza neva za miguu NfL nayo inapanda. Mashine haijui hayo, inasoma namba tu.

Msomadata:
Niongezee kwa Pipeti. Masta yangu nilifanya na picha za MRI za ubongo, modeli yangu (programu ya AI) ikapatia tisini na kitu kwa mia nikawa natembea kifua mbele mpaka msimamizi akaniuliza swali moja tu, vipande vya picha za mgonjwa mmoja umevigawaje? Kumbe vingine vilikuwa kwenye kufundishia na vingine kwenye mtihani, yaani modeli ilikuwa inatambua vichwa vya watu sio ugonjwa 🤦 nikarudia kwa kugawa mtu kwa mtu ikaporomoka vibaya. Kwa hiyo ukiona "AI inagundua Alzheimer kwa asilimia 98" uliza kwanza walipima kwa watu gani.

Halafu hesabu. Chukua wazee 1,000, tuseme 100 ndio wana ugonjwa, kipimo kinapatia 90 kwa kila 100. Kitawakamata wagonjwa 90, na hao wazima 900 kitawasingizia 90. Majibu ya "ndiyo" ni 180 na nusu yake ni uongo, kwa kipimo kilekile kinachosifiwa. Ndio maana hawaruhusu kupima kila mtu anayejisikia.

Na data zenyewe, UK Biobank karibu wote ni Wazungu. Bibi wa Machame hayumo humo.

Nesi_Mstaafu:
Kubazi mwanangu, uzee unamfanya mtu asahau alipoweka miwani, haumfanyi asahau kwamba moto kauwasha yeye.

Machame_Juu, wilaya yenu ya Hai ndiyo imechunguzwa kuliko sehemu nyingi Afrika kwa jambo hili. Walipita vijijini kwa wazee karibu 1,200 wa miaka 70 na zaidi, matokeo yakatoka 2013, ikaonekana asilimia 6.4 wana demensia. Hapohapo Hai ndipo kilipotengenezwa kipimo cha IDEA kwa ajili ya wazee ambao hawakusoma: daraja ni nini, leo siku gani, taja wanyama kwa dakika moja, maneno kumi ayakumbuke baadaye, na njiti za kiberiti anaambiwa azipange kama ulivyozipanga wewe. Hakiambii ni Alzheimer, kinaambia huyu apelekwe kwa daktari.

Kabla hamjachanga mpelekeni akapimwe vitamini B12, tezi ya thairoidi, kaswende, VVU, sukari na kreatinini (ya figo), masikio pia. Na mkusanye dawa ZOTE anazomeza, hata za dukani.

Machame_Juu:
Asanteni sana. Dada alikuwa huko jumapili kamjaribu kwa kubahatisha. Daraja ni nini, bi mkubwa kajibu "la wapi?" 😂 Wanyama kataja sita, ng'ombe karudia. Njiti hakuweza, kazikusanya akazirudisha kwenye kiberiti.

Ila hii ya dawa imenishtua. Chini ya mto kuna mfuko umejaa vile vidonge vya njano vya mafua, kasema anameza viwili kila usiku apate usingizi, tangu msiba wa mzee. Huo ni mwaka wa tatu.

Nesi_Mstaafu:
Hivyo kwa mzee vinaweza kuvuruga akili kabisa. Nenda navyo kwa daktari aone, yeye ndiye aseme vinaachwaje. Usiseme kapona wala usiseme ndio sababu, anaweza kuwa na vyote viwili.

Pipeti:
Na braza mwambie hata jibu likitoka "ndiyo", zile dawa mpya za Alzheimer kama lecanemab ni za hatua ya mwanzo, kwa kawaida unaanza na dripu kila wiki mbili na MRI za mara kwa mara kuangalia ubongo usivimbe au kuvuja damu. Hayo yatafanyikaje kwa mtu wa Machame? Ajibu hiyo kwanza.

Machame_Juu:
Nimemtumia uzi wote. Kasoma, tiki za bluu zipo, kimya. Jumatatu dada anampeleka hospitali na ule mfuko.