Mrejesho: Muhula wa kubadilishana wanafunzi Uppsala, Sweden

Wakuu, niliwauliza kama muhula wa Uppsala unafaa kwa mwanafunzi wa Dar, na gharama zikoje. Nimerudi. Ada ya kule hulipi, unabaki mwanafunzi wa chuo chako. Kinachokamua mfuko ni chumba na chakula, na kibali cha ukaazi hakitoki bila kuonyesha fedha za kujikimu.

Kozi zinakwenda moja baada ya nyingine: unazama kwenye moja, unafanya mtihani, ndipo unaanza inayofuata. Hili nimelipenda mno. Profesa anaitwa kwa jina lake la kwanza!

Baridi dawa yake koti. Giza ndilo zito. Desemba jua linazama kabla ya saa tisa alasiri. Baiskeli iwe na taa, bila hivyo ni faini.

Mliosisitiza niombe chumba mapema, asanteni sana.