Mkondo geu: fazori za rula, namba changamano au kalkulasi?

Kibatari
Wakuu, habari za jioni. Nasoma diploma ya umeme, mwaka wa pili. Leo karakana tumeunga hita ya ohmu 30 na koili ya milihenri 127 kwa mfuatano, volti 230, hetzi 50. Mita ikasoma volti 138 kwenye hita na 184 kwenye koili. Jumla 322! Hizo 92 za ziada zimetoka wapi? Mwalimu akasema "kachore fazori", kipindi kikaisha. Nimekuta njia tatu: kuchora, namba changamano na kalkulasi. Nishike ipi?

BwanaWaya
Dogo, hizo 92 hazipo popote. Umejumlisha vitu visivyofika kileleni pamoja. Volteji ya koili inatangulia ya hita kwa robo mzunguko, yaani milisekunde 5 kwa hetzi 50. Fazori ni mshale tu: urefu wake ni volti, mwelekeo wake unaonyesha nani anatangulia. Shika rula: sentimita 1 iwe volti 20. Hita laza 6.9, kisha kutoka kwenye ncha yake pandisha koili wima 9.2. Funga pembetatu, pima mshazari. Utapata 11.5, ambayo ni volti 230. Pembe iko kama nyuzi 53. Mimi nasuka mota, na mchoro huu ndio ulionifungua macho. Hesabu zilikuja baadaye.

MamaTransfoma
Rula ni nzuri kwa sakiti moja ya mfuatano. Weka matawi matatu sambamba uone karatasi itakavyochafuka. Hapo namba changamano, zenye sehemu mbili, ya kawaida na ya j, hazina mpinzani. Impedansi yako, yaani ukinzani wote wa sakiti kwa mkondo geu, ni 30 + j40: 30 ya hita, 40 ya koili kwa hetzi 50 (tunaandika j kwa kuwa i tumeshaipa mkondo), sawa na ohmu 50 kwa nyuzi 53.1. Gawanya 230 kwa hiyo: ampea 4.6, mkondo ukichelewa nyuzi 53.1. Mistari miwili tu. Steinmetz aliwaeleza wahandisi njia hii Chicago mwaka 1893, na wengi wakaachana na kukokota sine na kosine kurasa nzima.

Angalia tu kikokotoo kiwe kwenye nyuzi, si rediani. Na usichanganye 230 ya mita na 325 ya kilele katika swali moja. Nikisahihisha, kosa hilo nalikuta kuliko yote.

Nyuzi90
Mama, naomba nipinge kidogo. Fazori inaona mkondo uliokwisha kutulia tu. Je, pale unapowasha swichi? Gawanya henri 0.127 kwa 30, unapata milisekunde 4.2, na mkondo hutulia baada ya kama mara tano ya hapo. Kwa hiyo mzunguko mzima wa kwanza, kama milisekunde 20, mkondo bado unajipanga, na fazori haina la kusema. Transfoma ikiwashwa breka ikaruka, jibu liko kwenye kalkulasi.

BwanaWaya
Kweli kabisa. Ila wangapi humu wameshapiga kalkulasi juu ya ngazi 😂

MamaTransfoma
Sikatai, Nyuzi90. Lakini kijana ana mtihani, na swali linalopendwa ni la pawa fakta, yaani sehemu ya volti mara ampea inayofanya kazi kweli. Kibatari, yako ni 0.6, mbaya. Weka kapasita ya maikrofaradi 51 sambamba na mzigo wote. Kwenye mchoro, mkondo wa kapasita unaelekea juu, unafuta ile sehemu ya koili inayoelekea chini. Mkondo wa laini unashuka kutoka ampea 4.6 hadi 2.76, na hita inabaki na joto lilelile, wati 635. Hilo kwa kalkulasi utalipata, ila chai itapoa.

Kibatari
Nimechora nikapata 11.4, penseli butu. Kwa j nimepata 230 kamili. Shikamoo Mama! Swali la mwisho: mzigo ukiwa taa za LED, nachora vilevile?

MamaTransfoma
Marahaba mwanangu. Hilo namwachia Nyuzi90.

Nyuzi90
Hapana. Mkondo wa LED nyingi si wimbi la sine safi. Ndani yake mna hetzi 150, 250 na kuendelea. Koili yako ya ohmu 40 inakuwa ya 120 kwenye hetzi 150. Fazori za masafa tofauti zinazunguka kwa kasi tofauti, hazikai mchoro mmoja. Kila masafa lipe karatasi yake, na impedansi yake.

BwanaWaya
Na penseli mpya.