Mwenye nyumba kagoma kuweka pampu ya joto, bili ya umeme inanimaliza mimi!

Wakuu, salaam. Naandika nikiwa nimevaa koti sebuleni kwangu, hapa Lewiston, jimbo la Maine, kaskazini mwa Marekani, kwa hiyo lugha ikiwa kali mnivumilie.

Fleti yangu ina zile hita ndefu za umeme zinazofungwa chini ya madirisha. Ndani hamna maajabu, ni waya unaopata moto kama jiko la koili. Bili ya Januari imezidi hela ya chakula cha familia. Nikamwomba mwenye nyumba aweke pampu ya joto. Akanijibu eti hizo ni za watu wa Florida kwenye joto, baridi ya huku itaziua, tena hita zangu zina ufanisi wa asilimia 100!

Jamani, hiyo 100 ndiyo mwisho wake! Uniti moja ya umeme, uniti moja ya joto, basi. Hata hizo hita za bei mbaya zinazotangazwa mitandaoni kuwa zinaokoa umeme ni usanii: ikivuta wati 1,500 inatoa joto lile lile la hita ya bei poa. Pampu haizalishi joto, inalihamisha. Ni kiyoyozi kilichogeuzwa. Gesi inayozunguka kwenye koili ya nje huwa baridi kuliko hewa yenyewe, ndiyo maana hata nje kukiwa nyuzi 15 za Selsiasi chini ya sifuri inaokota joto. Mashine nzuri iliyoundwa kwa baridi, hapo inatoa kama uniti mbili kwa kila moja unayolipia. Hali ikiwa nafuu kidogo inafika tatu.

Najua kuna mtakaosema zile za zamani zilikuwa zinazidiwa na baridi. Kweli. Hata mpya hupungua nguvu, na mara kwa mara husimama kuyeyusha barafu kwenye mtambo wa nje. Sasa si aache hita zibaki ukutani kwa ajili ya usiku ule mbaya kabisa? Kwa nini niziwashe Novemba mpaka Aprili?

Na Florida inatoka wapi? Norway, Sweden na Finland zimejaa hizi mashine. Maine hii hii, mwaka 2019 Gavana Janet Mills aliweka lengo la pampu 100,000 ifikapo 2025. Zikatimia 2023! Huyu bwana anaishi Maine gani?

Hana hoja, ana hesabu. Hita ni rahisi kununua na kufunga, hiyo gharama ni yake. Umeme nalipa mimi. Siku bili ikianza kwenda kwa jina lake, fundi atakuja kesho yake asubuhi. Na sisi wageni, Wakongo, Warundi, Watanzania, tunanyamaza kwa kuogopa kutolewa maana kupata nyumba huku ni kazi.

Mliopanga huku kwenye baridi: kuna aliyefanikiwa kumbana mwenye nyumba mkataba ulipofika wa kuongeza? Uliandikaje? Wangu unaisha Mei. Na tafadhali, asije mtu kuniambia nivae soksi mbili.